Kutu Haingoji: Siku ya Kupanda Ngano na Mbegu Yenye Kinga

Wewe uliyekwama kwenye foleni ya barabara ya I-35E ukirudi Carrollton, hapa Texas, kutoka kazini, pole sana. Ongeza sauti kidogo, maana leo nakupeleka shambani.

Najua kuna anayejiuliza: shamba gani hapa Carrollton? Hapa ni maghala, maduka, nyumba na barabara za kulipia. Kweli kabisa. Lakini mji huu ulilelewa na nafaka. Karne ya 19 reli ilipofika, wakulima walileta hapa pamba, mifugo na nafaka ili visafirishwe. Na kule Trinity Mills, ambako leo unashuka treni ya DART kubadilisha usafiri, kulikuwa na kinu cha kusagia nafaka. Mmoja wa waliokianzisha ni A. W. Perry, ambaye jina lake bado liko kwenye makumbusho ya mji wetu. Na hata leo, panda gari uelekee kaskazini, upite Denton, usogee upande wa Krum au Sanger. Muda si mrefu utaona mashamba ya ngano kushoto na kulia. Udongo wake ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, uleule watu wa Kitengela na Athi River kule Kenya wanauita black cotton. Ndio unaotupasulia misingi ya nyumba hapa Dallas kila kiangazi.

Sasa huu ni mwezi wa Septemba. Mwenye shamba kule Krum ana swali moja kichwani: nipande leo, au nisubiri? Na nduguyo kule Narok, Moiben au Timau nchini Kenya, Hanang au Makete nchini Tanzania, msimu wake ukifika, ana swali hilohilo. Ndilo nataka tulizungumze leo: siku ya kupanda, na mbegu inayostahimili ugonjwa. Mambo mawili, ambayo watu wengi huyatenganisha. Wanamuuliza muuza mbegu, "Hii inakinga ugonjwa?" Akisema ndiyo, wanaona kazi imekwisha. Mimi nasema haijaisha. Mbegu yenye kinga huzeeka, lakini siku nzuri ya kupanda inarudi kila mwaka, na haikutozi hata senti.

Kwanza tumjue adui. Ngano ina magonjwa mengi, lakini linalotisha kuliko yote ni kutu. Kutu hii ni kuvu, kiumbe mdogo usiyemwona kwa macho mpaka amezidi. Ukiingia shambani asubuhi umevaa suruali nyeupe, utatoka na magoti mekundu. Ukipitisha kidole kwenye jani, unga unabaki kidoleni. Ule unga ndio mbegu za kuvu, na katika ncha ya kidole chako zipo maelfu.

Ziko kutu tatu. Ya majani ina madoa ya rangi ya machungwa yaliyotawanyika. Ya manjano hujipanga mistarimistari kama mshono, nayo inapenda baridi. Ya tatu ni kutu ya shina, yenye rangi ya matofali, nayo inapenda joto. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inachana bua, maji na chakula havipandi, na ngano inalala chini. Shamba lililoonekana zuri wiki tatu kabla ya mavuno linaweza kutoa makapi matupu.

Je, kutu inahitaji nini ili iingie? Jani bichi na umande wa usiku mmoja. Ndiyo, usiku mmoja tu jani likilowa kwa saa kadhaa. Halafu baada ya wiki moja na nusu au mbili, lile doa moja linapasuka na kutoa maelfu ya mbegu mpya, upepo unazichukua. Hesabu mwenyewe: ngano inakaa shambani miezi mingapi, na kutu inazaa mara ngapi ndani ya miezi hiyo? Ndiyo maana tarehe ina uzito.

Turudi hapa Texas. Ngano ya huku ni ya majira ya baridi. Inapandwa mwaka unapokaribia kuisha, inapita kwenye barafu ya Januari, na inavunwa mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni. Na si kwamba inavumilia baridi tu, inaihitaji. Bila wiki kadhaa za baridi haitoi suke, itabaki majani matupu. Kwa sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hilo linashangaza kidogo, maana ngano ya kwetu haina haja ya baridi kali.

Mkulima wa hapa anajaribiwa na ng'ombe. Watu wengi Texas hupanda ngano ili ng'ombe wale majani yake wakati wa baridi, kisha ng'ombe wanaondolewa mapema, mabua hayajaanza kurefuka, ngano inaachwa itoe punje. Anayetaka majani kwa ng'ombe hupanda Septemba. Anayetaka punje tu husubiri hadi mwisho wa Oktoba au Novemba. Na hapa ndipo penye mtego, msikilizaji wangu, naomba unisikilize vizuri.

Septemba Texas bado ni joto. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani, wako hai na wana njaa. Ngano changa ikichomoza, ni kama umewaandalia karamu. Na mdudu haji mikono mitupu: anabeba virusi vinavyodumaza ngano, majani yanageuka njano au zambarau kuanzia nchani. Kuna utitiri pia, mdogo kiasi kwamba huwezi kumwona bila kioo cha kukuzia, anayepeperushwa na upepo akiwa na virusi vyake vya mistari. Na kuna kutu ya majani, ambayo vuli yenye mvua na joto inaipa nafasi ya kuanza kuzaa kabla baridi haijafika. Aliyepanda mapema mno amewapa wote hawa miezi miwili ya ziada.

Wametoka wapi? Wengi wametoka kwenye ngano ya kujiotea, ile iliyomwagika wakati wa kuvuna, ikaota yenyewe kando ya shamba mvua ya Agosti iliponyesha. Hakuna aliyeipanda wala anayeijali. Lakini ndiyo nyumba ya ugonjwa baina ya msimu na msimu. Ndiyo maana maafisa ugani wa Texas A&M AgriLife hawachoki kurudia: ua ngano ya kujiotea angalau wiki mbili kabla hujapanda, ili utitiri na vidukari wafe njaa. Ni kazi ya kulima mara moja au kupiga dawa mara moja. Na kazi hiyo haimfai mwenye shamba peke yake, maana ugonjwa wa jirani unavuka ua.

Basi mtu atasema, kama kupanda mapema ni hatari, tuchelewe. Hapana. Ukichelewa mno hapa, ngano haipati muda wa kutoa machipukizi kabla ya baridi, mabua yanakuwa machache, na punje zinajaa wakati jua la Mei linawaka. Tena kutu ya machipuko inakuja na upepo kutoka kusini. Texas ni lango lake: kuvu hukaa wakati wa baridi kusini mwa jimbo na kaskazini mwa Mexico ambako hakugandi sana, halafu pepo za machipuko huzibeba mbegu zake hadi Oklahoma, Kansas na kuendelea mpaka Canada. Ngano iliyochelewa hukutwa njiani na upepo huo ikiwa bado mbichi. Jani la juu kabisa, lile lililo chini ya suke, ndilo linalolisha punje kuliko mengine yote. Likishikwa na kutu kabla punje hazijajaa, mavuno yameondoka.

Kwa hiyo wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na walewale wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkulima wa ngano anatakiwa kuzisikiliza zote mbili, kisha aangalie kalenda yake.

Tuje kwenye jambo la pili, mbegu yenye kinga. Na hapa, wapenzi wasikilizaji, kifua kinanipanda kidogo, kwa sababu hadithi hii inapita kwetu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipanda ngano Njoro, Kenya, kwenye nchi iliyokuwa malisho ya Wamaasai. Kutu ikaifagia. Akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu ili kutafuta ngano itakayohimili, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha mbegu palepale Njoro. Miaka mingi ya kuchagua ngano katikati ya kutu ikazaa aina za Kenya zilizokuwa na kinga ya nguvu, kinga ambayo dunia iliihitaji.

Aliyeihitaji hasa alikuwa Norman Borlaug, Mmarekani wa Iowa, aliyekuwa akifanya kazi Mexico miaka ya 1940. Kutu ya shina ilikuwa inawamaliza wakulima wa Mexico. Borlaug akachukua ngano ya Kenya, akaichanganya na ngano nyingine iitwayo Mentana, na ikatoka aina iliyopewa jina la Kentana, iliyotolewa mwaka 1948. Sikia tena: Kentana. Kazi iliyoanzia huko Mexico ndiyo iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Watu wengi wanaijua sehemu ya Mexico. Sehemu ya Njoro haisemwi sana, nami naona si haki.

Borlaug alimalizia maisha yake Texas. Alifundisha Texas A&M tangu mwaka 1984, na alifariki hapa hapa Dallas tarehe 12 Septemba 2009, akiwa na miaka 95. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na habari mbaya.

Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, milima ya kusini magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona kutu ya shina kwenye ngano ambayo haikutakiwa kushikwa. Ngano ile ilikuwa na kinga iliyosifiwa duniani, iliyotokana na nafaka iitwayo rye, na ilikuwa imetumika kwa miongo mingi katika mashamba ya mabara kadhaa. Kuvu mpya akaitwa Ug99: Ug ya Uganda, na 99 ya mwaka alipotambuliwa rasmi. Muda si mrefu alikuwa Kenya, akaingia Ethiopia, mwaka 2006 akaonekana Yemen, na mwaka 2007 Iran. Mwaka 2005 Borlaug, mzee wa miaka 91, alikuwa Kenya akiwaonya wanasayansi kwamba wamelala, kwa kuwa kwa miaka mingi kutu ya shina ilidhaniwa imeshindwa.

Kwa nini kinga ile ilishindwa? Hebu nikupe picha. Una askari mmoja getini, na umemwonesha picha ya mwizi mmoja. Mwizi yule akija, anakamatwa. Siku akibadili koti na kunyoa ndevu, anapita huku askari akimpungia mkono. Kinga inayotegemea jeni moja ndivyo ilivyo. Kuvu wanazaana kwa mabilioni, na katika mabilioni hayo hakosekani mmoja aliyebadilika. Huyo akikuta ngano ya aina moja imejaa wilaya nzima, basi shughuli imekwisha.

Na haikuishia hapo. Kenya walikuwa na aina nyingine nzuri, Kenya Mwamba, yenye kinga tofauti. Kuvu wakajibadilisha tena, na mwaka 2007 wakulima waliopanda Mwamba wakapata hasara kubwa. Ikaja Robin, wakulima wakaipenda kwa mavuno yake, nayo miaka michache baadaye ikaguswa. Msidhani ni Afrika tu. Hapa Texas kulikuwa na TAM 111, mbegu ya chuo kikuu iliyopendwa sana kwa kuvumilia ukame. Ilipotolewa iliizuia kutu ya manjano vizuri. Kuvu wa manjano walipokuja na sura mpya, kinga ile ikapungua nguvu.

Watafiti wamejifunza. Leo wanapendelea kukusanya kinga ndogondogo nyingi ndani ya mbegu moja: hazizuii kutu isiingie kabisa, ila zinaichelewesha, madoa yanakuwa madogo na machache, na ngano inawahi kukomaa. Kuvu akishinda moja, anakutana na nyingine. Na mahali pa kuzijaribu ni wapi? Njoro! Kila mwaka maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi, Marekani ikiwemo, hupelekwa Njoro kwenye kituo ambacho sasa kiko chini ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo. Kuna misimu miwili, mmoja unaanza Januari na mwingine Juni. Kati ya vitalu hupandwa mistari ya ngano dhaifu, inaambukizwa kutu makusudi, ili ugonjwa uwe mkali kadiri inavyowezekana. Ngano inayosimama hapo inasafiri kurudi kwao na heshima yake. Kwa hiyo mkate unaonunua hapa Carrollton, unga wake huenda unadaiwa shukrani na vijana wa Nakuru wanaopita vitaluni asubuhi wakihesabu madoa.

Sasa turudi kwenye tarehe, maana nilisema mambo haya mawili hayatenganishwi. Kwetu kalenda inageuka. Hapa hatari ni kuwahi. Kule kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania, mara nyingi hatari ni kuchelewa. Hakuna barafu ya kuua kuvu. Ngano inapandwa sehemu moja huku sehemu nyingine inavunwa, kwa hiyo mwaka mzima kuna jani bichi mahali fulani na mbegu za kutu hewani. Anayepanda mvua zinapotulia vizuri anakuta hewa bado ina kutu chache. Anayepanda wiki nne au tano baadaye, ngano yake changa inapokea unga mwekundu kutoka kwa majirani wote waliomtangulia. Mbegu ileile, dawa ileile, mavuno tofauti.

Je, kwa nini watu huchelewa? Uvivu? Sikubali. Mara nyingi trekta la kukodi linazunguka kwa wenye mashamba makubwa kwanza. Mara nyingine mbegu haijafika dukani. Na mara nyingi sana, ndugu zangu wa Carrollton, Lewisville, Irving na Houston, pesa haijafika. Pesa hiyo ni yetu. Tunangoja mshahara wa mwisho wa mwezi, tunangoja kurudishiwa kodi, tunangoja bei ya dola ipande kidogo. Nyumbani kaka anatazama mawingu. Tunapotuma, mvua imeshanyesha wiki tatu. Halafu mwezi wa tano simu inalia: tuma tena, ya dawa. Tunalalamika kwamba shamba linakula hela. Shilingi zilezile zingekuwa zimefika mwezi mmoja mapema, pengine dawa ingepigwa mara moja badala ya tatu.

Nirudie, maana redio haina kurudi nyuma. Moja: mbegu yenye kinga ni lazima, lakini kinga yake ina umri, kwa hiyo iulizie kila msimu, usitegemee sifa za miaka mitano iliyopita. Mbili: usijaze shamba zima aina moja kama unaweza kugawa aina mbili zenye kinga tofauti. Tatu: ng'oa ngano ya kujiotea. Nne: panda ndani ya majira yake, usiwahi mno kama uko Texas, usichelewe kama uko Narok.

Na wewe usiye na shamba la ngano, usizime redio. Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya ngano inayoila. Mavuno ya Narok na Uasin Gishu yakianguka, inabidi iagize zaidi, chapati inaweza kupanda bei sokoni Gikomba, Nairobi, na anayeongezewa salamu za "tuma kidogo" ni wewe.

Basi nina ombi moja kwako leo. Ukifika nyumbani, kabla hujalala, piga simu. Muulize ndugu yako anayelima: msimu ujao unapanda aina gani, na nani amekuambia bado inahimili kutu? Akikwambia "ile ya siku zote," mwambie amwone afisa kilimo wa kata, au kituo cha utafiti kilicho karibu, Njoro kwa walio Kenya, Selian kule Arusha kwa walio kaskazini mwa Tanzania. Kisha muulize mvua kwao huanza lini, uandike tarehe hiyo kwenye kalenda yako ya jikoni, urudi nyuma mwezi mmoja, na hapo uandike: kutuma pesa ya mbegu.